Namna ya Kuandika Ujana Wetu wa Bugi, Magitaa na Bangi

Mwaka 2010 mjukuu wangu aliikuta picha yangu ya mwaka 1973, nimevaa bugaluu, ile suruali pana chini, na viatu vya raizoni vyenye soli nene, nywele zimechanwa zikasimama, gitaa la kuazima limening'inia kifuani. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: "Babu, na nyie mlikuwa mnavuta?" Sikumjibu. Ningesema ndiyo na kuishia hapo, angebaki na picha isiyo ya kweli. Ningesema hapana, ningekuwa nimemdanganya mtoto aliyeuliza kwa nia njema. Jibu lake lilihitaji kurasa arobaini za daftari, na kuziandika kulinichukua karibu miaka mitatu. Haya ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyojifunza katika miaka hiyo, na nayaeleza kwa ajili ya wale waliokuwa vijana Dar es Salaam, Tanga, Morogoro au Moshi mwishoni mwa miaka ya sitini na katika miaka ya sabini, ambao wana kisa kama changu na wangependa kukiacha kimeandikwa kabla hakijazikwa pamoja nao.

Anza na sikio

Wengi wetu tukikaa kuandika huanza na "Nilizaliwa mwaka fulani, mahali fulani", na kufikia ukurasa wa tatu tumechoka, kwa sababu hakuna kinachotuvuta mbele. Ujana wetu haukukaa kichwani kwa mpangilio wa miaka. Ulikaa kwa mpangilio wa nyimbo. Kwa hiyo chagua wimbo mmoja, mmoja tu, ule ambao ukipigwa popote hata leo unasimamisha ulichokuwa unafanya. Siku hizi si kazi kuupata, simu ya mjukuu inatosha. Ila usiusikilize kwa spika kubwa wala kwa vile vya kuziba masikioni. Usikilize kwa kispika kidogo chenye sauti nyembamba, kwa kuwa sisi tuliusikia kupitia redio ndogo ya transista ambayo betri zake zilianikwa juani mchana ili jioni zipate nguvu kidogo. Sauti safi ya leo itakuonyesha wimbo ulivyorekodiwa. Sauti ile nyembamba itakurudisha mahali ulipokuwa umekaa.

Sikiliza hadi mwisho bila kushika kalamu. Ukiisha, andika kwa dakika ishirini bila kusimama na bila kurekebisha, na andika vitu, usiandike hisia. Nani alikaa wapi? Sakafu ilikuwa ya nini? Kulikuwa na harufu gani? Nani alisema mpunguze sauti? Nilipofanya hivi kwa mara ya kwanza nilikuwa nimechagua wimbo wa Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Kimarekani, na nilitarajia kwamba ningeandika kuhusu gitaa. Kilichokuja ni harufu ya mafuta ya taa na mlio wa mwiko wa shangazi yangu ukigonga ukingo wa sufuria, kwa sababu redio ilikaa kwenye dirisha la jiko, nyumbani Ilala, na hapakuwa na mahali pengine iliposhika mawimbi vizuri.

Baada ya mwiko wa shangazi, tukaja sisi wanne. Hatukuwa na fedha za santuri, na wimbo wa Kizungu ukipigwa redioni haukujulikana utarudiwa lini, basi tulijipanga. Wa kwanza alinakili mstari wa kwanza, wa pili mstari wa pili, hivyo hivyo hadi wa nne, kisha zamu inarudi kwa wa kwanza, kila mmoja na kipande chake cha karatasi na penseli, hakuna ruhusa ya kukohoa. Wimbo ukiisha tuliviunganisha vipande vile sakafuni. Mistari mingi haikuwa na maana kwa Kiingereza wala kwa lugha nyingine yoyote. Ilikuwa sauti tu tulizozidaka. Jumapili tulizipiga kwenye bugi la mchana, yaani dansi letu la vijana, na ukumbi mzima uliimba nasi, kwa sababu wao pia walikuwa wameudaka wimbo kwa namna hiyo hiyo. Jambo hili lilikuwa limenitoka kabisa kwa miaka thelathini na tano. Lilirudi kwa sababu ya mwiko, na ndiyo sababu ninasisitiza uandike vitu.

Fanya hivyo kwa nyimbo tano au sita, kila mmoja na siku yake. Usiziunganishe bado.

Tafuta misumari ya kutundikia

Ukishapata vipande, vitundike kwenye matukio ambayo tarehe zake zinajulikana. Kwa aliyekua Dar es Salaam misumari iko mingi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari mosi 1969, ikipiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini. Aprili 7, 1972 aliuawa Mzee Karume kule Zanzibar. Februari 1977 ilizaliwa CCM. Mwishoni mwa 1978 tulikwenda vitani na Idi Amin, na Januari 1979, vita vikiendelea, tukampoteza mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe katika ajali ya gari Mombasa. Jiulize kuhusu kila kipande: je, hili lilitokea kabla au baada? Suruali niliyovaa katika kumbukumbu hii ilikuwa ya kubana au ilikuwa imeshakuwa pana chini? Mtu anaweza kukosea mwaka, lakini suruali ni vigumu kuikosea.

Misumari hii itakusahihisha, na kusahihishwa kunauma. Kwa miaka arobaini nilisimulia, kwa kiapo, kwamba habari ya kifo cha Hendrix nilipewa nje ya sinema ya Avalon na mpiga gitaa la solo wa bendi yetu, naye akaninyang'anya mfuko wa karanga akaumwaga chini kwa uchungu. Hendrix alifariki London Septemba 18, 1970. Dada yake mpiga solo akaniambia kwamba mwezi huo familia yao ilikuwa bado Tanga, wakahamia Ilala mwaka uliofuata. Basi huenda aliyeliliwa pale Avalon alikuwa mwimbaji Jim Morrison, aliyefariki Paris Julai 1971, au huenda ni habari ya mwaka uliopita iliyotufikia kwa kuchelewa. Likikukuta jambo kama hili, usilifute na usilinyooshe kimya kimya. Andika unavyokumbuka, kisha andika kwamba tarehe inakataa. Karanga zilimwagika, hilo nina hakika nalo, maana nilizinunua mimi.

Ukitaka kuthibitisha zaidi, nenda Maktaba Kuu ya Taifa au kwenye hazina ya vitabu na magazeti ya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uombe magazeti ya wakati ule: Uhuru, Ngurumo, The Nationalist, The Standard, na Daily News lililozaliwa mwaka 1972 baada ya yale mawili ya Kiingereza kuunganishwa. Usisome habari kuu tu. Soma barua za wasomaji, kwani humo ndimo wazee walimotuita wahuni na humo ndimo vijana walimowajibu. Soma pia matangazo ya dansi na ya sinema, kwa sababu yatakupa kumbi na siku za wiki.

Hapa naomba niseme jambo ninaloliamini. Ni rahisi kuandika kwamba serikali ilitukandamiza sisi tuliopenda muziki wa kigeni, na kweli nimeona polisi wakifunga bugi saa tisa mchana, vijana wakitimuliwa kama kuku. Lakini serikali hiyo hiyo, kupitia vyama vya wafanyakazi, jeshi, polisi na mashirika ya umma, ndiyo iliyonunua vyombo ambavyo bendi nyingi za nchi hii zilipigia. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Na kati ya pande hizo mbili palizaliwa kitu ambacho si kopi ya Ulaya wala si cha kuagizwa na mtu: Patrick Balisidya na bendi yake ya Afro 70, waliokwenda kutuwakilisha Lagos katika FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi, mwaka 1977, na kundi la Sunburst la hapa hapa Dar es Salaam, lililopiga roki yenye ngoma zetu ndani yake na kutoa albamu mwaka 1976. Anayeandika enzi ile akiacha upande mmoja ameandika nusu.

Waulize waliokuwepo, na waulize wanawake kwanza

Mkutane na wenzako wa zamani mmoja mmoja. Wakiwa watatu wataanza kushindana kusimulia, na kisa kitakachoshinda ni kile kilichozoeleka vijiweni. Usitoe kinasa sauti siku ya kwanza. Peleka picha au wimbo, kunyweni chai, msalimiane vya kutosha na kuulizana waliobaki na waliotangulia. Kisha usiulize "ulikuwa unavuta?", kwa sababu swali hilo humfanya mtu mzima mwenye heshima zake ajitetee. Uliza: "Bugi likiisha, ulikuwa ukirudi nyumbani na nani, na mlipita njia gani?" Njia itamleta hadi kwenye kichaka, hadi nyuma ya ukuta, hadi kwenye banda la fundi baiskeli, na yeye mwenyewe atasema mlichokifanya hapo.

Wanawake nimewataja kwanza kwa sababu. Daftari langu la awali lilikuwa na wasichana wengi waliocheza, na hakuna hata mmoja aliyezungumza. Nilimpelekea dada yangu mkubwa alisome. Alilirudisha baada ya siku mbili akaniambia, "Mdogo wangu, umesahau kwamba sisi tulikuwa tunakimbizwa." Mwaka 1968 pale Kariakoo vijana waliwashambulia wanawake barabarani kwa sababu ya sketi fupi, wakawachania nguo hadharani. Dada alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Alikuwa akitoka nyumbani amevaa kanga juu ya sketi, anaivulia kanga chooni ukumbini, anaivaa tena kabla ya kutoka, na kama kuna aliyeificha kanga kwa utani, alikaa humo hadi giza liingie. Mimi niliyekuwa jukwaani nikidhani kwamba anafurahia muziki hadi mwisho, sikujua kwamba alikuwa akisubiri giza. Ukurasa huo ameuandika yeye kwa mkono wake, na nimeubandika kwenye daftari kama ulivyo.

Kanda za zamani zina ushahidi

Kama una kanda ya kaseti ya enzi hizo, usiitumbukize haraka kwenye redio yoyote iliyo karibu. Kwanza itazame chini, penye uwazi ambapo utepe huonekana: hapo katikati huwa pana kisifongo kidogo kinachousukuma utepe, nacho huwa kimeng'oka kwa uzee. Fundi wa redio mwenye subira anaweza kuhamisha kisifongo kutoka kaseti nyingine, au kuhamisha utepe wote kwenye ganda zima lenye skrubu. Uzungushe utepe kwa kalamu, polepole, hadi mwisho na kurudi, ili tabaka zilizogandana ziachiane. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Halafu mara ya kwanza utakapoipiga, iwe tayari inaingizwa kwenye kompyuta, kwa sababu huenda mara hiyo ikawa ya mwisho.

Nasema hivi kwa kuwa mimi ninayo moja ya mwaka 1974, iliyonaswa kwa redio kaseti ambayo mjomba wa mpiga besi, aliyekuwa baharia, alikuja nayo kutoka ng'ambo. Mabaharia ndio waliotuletea karibu kila kitu: santuri, suruali, hata namna ya kuchana nywele. Kanda hiyo ina bugi zima, na humo mna solo moja ambayo kwa miongo mitatu tuliisimulia kuwa ndiyo bora aliyowahi kupiga rafiki yetu. Na kila tulipoisimulia tuliongeza kwamba siku ile alikuwa amevuta msokoto mzima kabla ya kupanda jukwaani mara ya pili, kana kwamba msokoto ndio uliopiga.

Niliisikiliza mwaka 2011, nimekaa peke yangu. Solo inaanza kabla mwimbaji hajamaliza ubeti. Waya wa pili umelegea, na kila anapoupita unalia chini ya sauti inayotakiwa. Mpiga dramu anamsubiri, anamsubiri tena, kisha anaacha kumsubiri. Nilirudisha nyuma hadi mwanzo wa kanda, kwenye nyimbo za saa nane mchana, kabla hatujatoka nje. Hapo vidole vyake ni safi kama maji, kila noti iko mahali pake, na mahali pamoja anafanya kitu ambacho hadi leo sijui alikifanyaje kwa gitaa lile. Hiyo ndiyo solo bora aliyowahi kupiga. Tulikuwa nayo kwenye kanda muda wote tukasimulia nyingine.

Bangi iandikwe kwa uzito wake

Kwenye sehemu hii waandishi wa umri wangu hugawanyika. Wako wanaoficha kabisa, na wako wanaoandika kwa mbwembwe, kila ukurasa una moshi. Njia niliyoifuata ni kuandika bangi kama nilivyoandika betri, suruali na nauli ya basi: ilitoka kwa nani, ilifichwa wapi, nani alilipa, ilikula muda gani wa siku, nini kilitokea baadaye. Andika hofu yake, kwa sababu ilikuwa haramu wakati ule kama ilivyo haramu sasa, na aliyekamatwa aliharibikiwa shule na jina la nyumbani kwa pamoja. Andika stimu pia ilivyokuwa, maana bila hilo mjukuu hataelewa kwa nini tulirudia: kicheko kisicho na sababu, wimbo mmoja kuonekana mrefu kama safari ya Dodoma, kuhisi kwamba sisi wanne tunaelewana bila kusema. Kisha andika asubuhi yake. Mimi nilianguka mtihani wa hesabu wa kidato cha nne, somo nililokuwa nikiliongoza darasani kidato cha pili, na nimeandika tarehe ya matokeo na alichosema baba, ambacho kilikuwa neno moja.

Usiandike namna ya kusokota, wala bei, wala mahali inapopatikana. Msomaji wako ni mtoto wa nyumbani, na hayo hayamsaidii kukuelewa. Tumia maneno mliyotumia, yaani msokoto, stimu, kijiwe, kwa kuwa ukibadilisha kila neno kuwa "matumizi ya dawa za kulevya" kisa kitasomeka kama ripoti ya semina na hapatakuwa na mtu ndani yake. Jiulize pia, katika kila ukurasa wenye moshi, nani hakuwepo. Katika kurasa zangu mara nyingi aliyekosekana alikuwa mpiga ridhimu, ambaye hakuvuta hata siku moja na ambaye tulimcheka kwa hilo. Ndiye aliyekuwa akibeba vyombo na kuvirudisha kwa mwenyewe vikiwa vizima. Sikuwahi kumshukuru hadi nilipofika sehemu hii ya daftari. Siku hiyo nilifunga kalamu nikampigia simu.

Sehemu ngumu

Kama katika kundi lenu yuko ambaye hakuishia kwenye bangi, kisa chake kiandike mwisho, hata kama kwa tarehe kinatangulia vingine. Utahitaji kuwa umeshazoea kuandika kweli katika mambo madogo.

Mpiga solo wetu ndiye aliyenifundisha gitaa, na nimeandika kurasa nyingi kuhusu mikono yake. Nyaya za gitaa zilikuwa adimu, na waya wa kwanza ndio uliokatika kila mara. Alikuwa akichukua waya wa breki ya baiskeli, ule uliosukwa, anaukata ncha kwa kisu, kisha anauchambua nyuzi moja moja kwa kucha kama mtu anayechambua mkeka. Anachagua uzi mmoja ulionyooka. Anautoa waya wa zamani uliokatika, anakipenyeza kile kipete cha shaba kilichobaki mwisho wake, anakifunga kwenye uzi mpya kwa mizunguko minne, anaukaza huku ameinamisha sikio karibu kabisa na mbao. Uzi ule ulikata vidole. Alikuwa akivifunga kitambaa hadi saa ya kupanda jukwaani, halafu anakifungua. Ulilia kwa ukali mwembamba usiofanana na waya wowote wa dukani, na wale wenye kanda yetu wakiusikia wanajua mara moja ni nani.

Bendi ilivunjika 1976, kila mmoja akaenda njia yake. Katika miaka ya themanini, wakati wa uhaba mkubwa, alianza vidonge vya kulevya vya mandrax. Unga, yaani heroini, ulipoingia mjini alihamia huko. Sikuandika zaidi ya kurasa tatu kuhusu miaka hiyo, na nitaeleza kwa nini nilizipunguza kutoka kumi na moja. Zile nane zilikuwa na mambo niliyoyaona kweli: aliuza nini cha nyumbani, alilala wapi, arosto, yale mateso ya kuukosa unga, ilimfanya nini. Nilipozisoma tena niligundua kwamba mtu aliyekuwa akichambua waya kwa kucha ametoweka humo, amebaki teja, na teja huyo angeweza kuwa yeyote. Basi nikaweka kipimo hiki, ambacho nakupendekezea: kila tukio la miaka ya unga libaki tu kama ndani yake bado anaonekana yeye, kwa tabia ambayo aliyemjua angeitambua. Libaki tukio la siku aliyokuja kwangu mwaka 1992 kuomba fedha, akaona gitaa langu limelegea ukutani, akalishusha akalikaza nyaya zote sita kabla hajaniomba. Nilimpa fedha. Niliandika pia hilo, na kiasi chake, na kwamba nilijua zinakwenda wapi. Alifariki 1998.

Neno teja nimelitumia mara mbili katika daftari, kwenye vinywa vya waliomwita hivyo. Katika maelezo yangu mwenyewe namwita kwa kazi yake. Jina lake sikuliandika, wala jina la mtaa, wala la aliyekuwa akimuuzia. Mtaa mtu anaweza kuukisia, lakini kuukisia ni tofauti na kuupewa na mimi.

Februari 2011, nikiwa katikati ya kurasa hizo, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waliotaka kuacha unga. Nilikuwa nikimpeleka mke wangu kliniki asubuhi, nikawaona wakisubiri zamu, kila mmoja akanywe dozi yake ya siku mbele ya muuguzi. Mmoja alikuwa akigonga mapigo kwa vidole kwenye paja lake, mapigo sahihi, ya mtu aliyewahi kupiga kitu. Nilitaka kumwuliza, nikaona si haki kumuuliza pale. Nimemwandika mahali hapo hapo nilipomwona, katikati ya kisa cha rafiki yangu, bila kueleza kwa nini yuko hapo. Inaruhusiwa kufanya hivyo. Kisa cha nyuma kikikutana na jambo la leo ulilolishuhudia kwa macho, acha vikae pamoja.

Kuomba ruhusa

Marehemu hawezi kukubali wala kukataa, lakini ana watu. Kabla ya kumpa mjukuu daftari, nilikwenda kwa mama yake mpiga solo. Usiende na karatasi ukaacha mlangoni. Nenda mwenyewe, na uwe tayari kutoa ukurasa wowote utakaoambiwa utoe. Usimwulize mzee "naomba ruhusa kuandika kuhusu mwanao", kwa maana hajui umeandika nini na atakubali kwa adabu tu. Msomee. Soma taratibu, na akinyamaza, nyamaza.

Mama alikuwa amepita miaka sabini na mitano na macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Nilimwamkia, akaniuliza habari za dada na za wajukuu, akaagiza iletwe kahawa. Nilisoma tangu mwanzo, zile kurasa tatu za miaka ya unga nikazifikia jua likiwa linashuka. Hakunikatisha. Nilipomaliza aliniambia niondoe sentensi moja, inayohusu mkufu wake, nami niliikata kwa kalamu mbele yake. Akauliza kama kanda ninayo. Nilikuwa nayo kwenye simu. Nilimwekea zile nyimbo za saa nane mchana, akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza sikioni.

"Huo si waya wa dukani," akasema. "Huo ni wa baiskeli ya baba yake. Mwanangu alipigwa kwa ajili ya waya huo."

Ukurasa wa waya nilikuwa nimeshauandika mara nne, na sikuwa najua baiskeli ilikuwa ya nani. Nilitoa kalamu nikaandika pembeni, mama akinisubiri nimalize ili wimbo uendelee.